Mlio wa Mtu Mmoja

Programu nyingi huandikwa kwa ajili ya watu ambao mwandishi hatawaona kamwe. Ninayotaka kuisifu hapa huandikwa kwa ajili ya mtu unayemfahamu: unajua anasimama wapi akiwa kazini, sikio lake lipi linaelekea barabarani, na kelele gani imeshamchosha. Ni mistari arobaini hivi ya JavaScript, na kazi yake ni moja tu. Ujumbe mpya ukiingia kwenye kisanduku cha soga cha tovuti, itoe mlio. Si ule mlio uliokuja na tovuti, bali mwingine, uliopimwa.

Mwenye mlio ninaousema ni dada anayeuza vitenge Kariakoo. Tovuti yake ina kisanduku cha soga kwenye pembe ya chini, na wanaokitumia wengi wako mbali: Lubumbashi, Moroni, Muscat. Hao hawawezi kuegemea kaunta wakasubiri amalize kumpimia mtu yadi zake sita. Wanauliza kitenge fulani kama bado kipo, wanangoja dakika mbili tatu, wakiona kimya wanahamia duka jingine. Kompyuta iko juu ya kaunta, na mwenyewe muda mwingi yuko juu ya ngazi anashusha majora. Macho hayamsaidii. Limebaki sikio, nalo sikio la mtu wa Kariakoo lina kazi nyingi: kipaza sauti cha machinga kinachorudia “buku, buku, buku” tangu asubuhi, honi za bajaji, feni, redio ya jirani, na simu ya kila aliyemo dukani. Mlio wa tovuti ulikuwa “ting”. Simu yake nayo ni “ting”. Ya msaidizi wake vilevile, na ya mteja aliyesimama mlangoni.

“Fundi,” aliniambia, “humu ndani kila kitu ni ting. Nikimbilie ipi?”

Kuipa mashine njia ya kumwita mtu si jambo la jana. Kabla ya kompyuta, mashine za kupelekeana maandishi kwa waya zilikuwa na kengele ya chuma ndani yake, na opereta wa upande huu aliweza kuigonga ile ya upande wa pili kwa kutuma alama maalumu. Jedwali la herufi la ASCII lilipotolewa mwaka 1963, kengele ikapewa namba yake humo, 7. Haina umbo wala haichapiki, lakini imekaa kwenye jedwali moja na A na B, na imo mpaka leo. Kwenye dirisha la amri la kompyuta nyingi za Linux, ukibonyeza Ctrl na G pamoja, na kama sauti haijafungwa, utaisikia. Nawapenda watu wale kwa uamuzi huo. Walikaa kupanga herufi wakaona kuwa kumwita msomaji nako ni sehemu ya maandishi.

Baadaye milio ikawa shughuli ya makampuni. Mwaka 1989 mtangazaji wa Marekani Elwood Edwards alirekodi nyumbani kwake, kwa kaseti, maneno machache ya kumjulisha mtu kwamba ana barua. Mke wake alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni iliyokuja kuitwa AOL, na kwa njia hiyo sauti ya sebuleni ikaingia kwenye nyumba za mamilioni. Programu ya soga ya ICQ ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na kile kisauti chake cha “o-oh”, kama cha mtoto aliyeangusha kikombe. Mwanamuziki Brian Eno, aliyepewa kazi ya kutunga mlio wa kuifungua Windows 95, alisimulia kwamba alitengeneza vipande 84 kutafuta kimoja cha sekunde chache. Nokia nao walitia ndani ya mlio mmoja wa ujumbe herufi S, M na S kwa mdundo wa Morse: tatu fupi, mbili ndefu, tatu fupi. Tumeusikia kwenye daladala miaka na miaka bila wengi wetu kujua kwamba ulikuwa unajitaja jina.

Hizo ni kazi za watu hodari, na ile ya Edwards naipenda kuliko zote kwa sababu ni sauti ya mtu. Lakini mlio unaotungiwa kila mtu hauna budi kuwa mpole, usimkere yeyote, na milio isiyomkera yeyote huishia kufanana. Ndiyo maana tumefika kwenye ting.

Njia ya kutoka huko ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2004, Aaron Boodman alipoanza kuandika Greasemonkey, kiendelezi cha Firefox kinachomwezesha mtumiaji kuweka msimbo wake mwenyewe juu ya ukurasa wa mtu mwingine. Tampermonkey ya Jan Biniok ikafuata mwaka 2010, na ndiyo ninayoitumia. Wazo lenyewe bado linanifurahisha kwa ujasiri wake. Ukurasa ukishafika kwenye mashine yangu, naweza kuupunguza, kuupanga upya au kuutia kengele. Seva ya mwenye tovuti haiguswi wala haina habari. Ni kazi ya fundi cherehani anayepunguza suruali ya dukani: hakuishona yeye, ila miguu itakayoivaa anaijua.

Ujasiri huo una upande wa kutisha, nao niutaje nisije nikaonekana mshabiki tu. Msimbo wa namna hiyo huitwa skripti, na skripti inayoona ujumbe ukiingia inaweza pia kuusoma, pamoja na jina la mteja, namba yake ya simu na anwani ya kupelekewa mzigo. Kwa hiyo usichukue ya mtu usiyemjua ukaiweka hivihivi. Ya mistari arobaini ina heri hiyo, kwamba inasomeka yote.

Sasa kazi yenyewe. Anayeanza huiambia skripti iukague ukurasa kila sekunde: kuna jipya? Hakuna. Kuna jipya? Hakuna. Inafanya kazi, lakini ni njia ya kuchokoza. Tangu mwaka 2012 vivinjari vimekuwa na mlinzi aitwaye MutationObserver. Unamwonyesha kisanduku, yeye anakaa kimya, na anakuita pale tu kitu kinapoongezwa au kuondolewa ndani yake. Mistari minne mitano, na umeshampata.

Tabu ni kwamba kinachoongezwa kwenye kisanduku cha soga si ujumbe peke yake. Kuna vile vidoti vitatu vinavyorukaruka mtu akiwa anaandika. Kuna mstari wa tarehe. Kuna jibu la mashine, “Karibu, tutakuhudumia hivi punde”, ambalo halina maana ya kumshusha mtu ngazi. Kuna ujumbe aliouandika mwenye duka mwenyewe, na baadhi ya tovuti huuchora mara mbili, kwanza ukiwa umefifia, kisha upya seva ikishaupokea. Ukifungua mazungumzo ya zamani, jumbe thelathini huingia kwa mpigo, na skripti isiyo na adabu italia mara thelathini. Ukisogeza juu kutafuta bei uliyomtajia mtu mwezi uliopita, jumbe za kale zinaongezwa kwenye kisanduku, ila juu, si chini. Kwa ukurasa ni mpya. Kwa watu ni za mwezi uliopita.

Mashine haijui tofauti hizo mpaka uitajie moja moja. Je, ni ujumbe kamili? Umetoka kwa mteja? Umekaa chini kabisa ya mazungumzo? Namba yake ya utambulisho nimeshaiona? Kila swali ni mstari mmoja wa msimbo, na kila mstari ni matokeo ya kukaa na mtu ukamtazama akifanya kazi. Swali la namba ya utambulisho, kwa mfano, hulipati kwenye kitabu. Unalipata ukimwona mtu akigeuka kuitazama kompyuta bure.

Nikifika kwenye ukurasa nisioujua, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama aliyeujenga alimkumbuka mtumiaji asiyeona. Kanuni za WAI-ARIA, zilizopitishwa rasmi mwaka 2014, zinamwezesha mwenye ukurasa kukitambulisha kisanduku cha mazungumzo kwa neno maalumu, ili programu inayomsomea asiyeona ijue kwamba hapa ndipo maneno mapya yanapoingia, iyasome kwa zamu bila kumkatiza. Ukurasa wenye alama hiyo nausoma kwa dakika chache. Usio nayo ni msitu wa majina ya ajabuajabu yaliyotungwa na mashine. Waliodai haki ya kuusikia ukurasa walinitengenezea njia mimi ninayetaka kengele tu, na sikumbuki kama nimewahi kuona mwandishi wa skripti akiwashukuru.

Halafu mlio. Hapa ndipo ninapoketi muda mrefu kuliko inavyostahili.

Unaweza kutafuta faili la sauti, yapo ya kila aina. Mimi napenda uzalishwe papo hapo kwa hesabu, maana kivinjari kinaweza: unakitajia umbo la wimbi, litikisike mara ngapi kwa sekunde, lianze lini, likome lini. Jaribu wimbi laini la hezi 440 kwa robo sekunde hivi. Utasikia “mmm” yenye “tk” mwanzoni na “tk” mwishoni. Hizo tk hukuziandika. Zinatoka kwenye spika inayorushwa ghafla kutoka kwenye utulivu, kisha kukatizwa ikiwa katikati ya mtikisiko. Mruko wenyewe ndio unaousikia. Dawa ni kuipandisha sauti taratibu, milisekunde kumi zinatosha, na mwishoni kuiteremsha badala ya kuikata. Mteremko unaofanana na kufifia kwa kengele ya kweli ni ule unaopunguza sehemu ileile ya kilichobaki kila hatua, na kwa hesabu hiyo sifuri haifikiwi kamwe. Kivinjari kinalijua hilo. Ukikiambia kiteremshe hivyo hadi 0, kinagoma na kutoa kosa. Unaandika 0.001, sikio la binadamu linalihesabu hilo kuwa ni kimya, mambo yanaendelea. Nimeandika mstari huo kwenye skripti nyingi na bado unanichekesha.

Baada ya hapo ni kuchagua sauti yenyewe, na hapo huchagui kwa ajili ya sikio tu, unachagua kwa ajili ya duka. Muungurumo wa feni na injini umekaa chini, na spika ndogo za kompyuta huko chini hazina nguvu, basi chini pasahau. Sikio letu lina wepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, na kishawishi ni kupiga hapohapo. Mlio wa 3,000 dukani utasikika mpaka ng'ambo ya barabara, na ikifika saa sita mchana utatamani kuitupa kompyuta. Tulichokubaliana ni noti mbili, 660 halafu 880, kwa wimbi la pembetatu badala ya lile laini. Wimbi la pembetatu hubeba juu yake mawimbi mengine madogo, la kwanza likiwa mara tatu ya lenyewe, yaani 1,980 na 2,640. Noti inabaki ya upole, lakini juu yake kuna kiasi kidogo kinachogusa eneo lile la wepesi. Tena sauti yenye tabaka hivyo sikio hujua imetoka upande gani, jambo ambalo wimbi laini tupu hulificha.

Mtu atauliza, noti mbili zitasema nini? Zinasema mengi zikipangwa. Walokele wanaokaa kando ya mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani, walikuwa na ngoma ya gogo yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na kwa hizo walipelekeana habari za misiba, ngoma na wageni kwa masafa ambayo mdomo haufiki. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi nao Yakusu, aliieleza kazi hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1949. Kwa kuwa maneno mengi hufanana yakibaki na kupanda na kushuka kwa sauti tu, mpigaji hakupiga neno tupu, alilirefusha kwa maelezo mpaka lisichanganywe na jingine. Na kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, kwa hiyo habari haikuanza kabla anayeitwa hajajua kwamba ni yeye.

Sijifanyi kuwa skripti yangu ina ukoo na ngoma hiyo. Nimejifunza tu kutoka kwake kutodharau sauti mbili. Mteja mgeni ni chini, juu. Aliyewahi kununua ni chini, juu, juu. Na kuna mnunuzi mmoja wa jumla, yuko Lubumbashi, ambaye dada alimwombea mlio wake kwa sauti ya mtu anayejadili posa: “Huyo mpe wa peke yake. Nikimsikia nashuka hata kama nimekumbatia jora.” Akapewa chini, juu, chini. Mwaka 1959 mtafiti Neville Moray alionyesha kwamba mtu aliyezama kusikiliza jambo moja, huku akiyapuuza maneno yanayopita sikio la pili, mara nyingine hulinasa jina lake likitajwa humo. Msaidizi wa dukani hana habari za Moray, lakini siku hizi mlio wa Lubumbashi ukilia anashika ngazi bila kuambiwa.

Kuliza ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu nyepesi. Nusu ya pili ni kujua wakati wa kunyamaza. Mwaka 1982 mtafiti Roy Patterson aliandika mwongozo kwa ajili ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza kuhusu milio ya tahadhari ndani ya ndege za abiria. Ilikuwa mingi na yenye nguvu kupita kiasi, hata rubani akajikuta anahangaika kwanza kuinyamazisha, ndipo atazame kilichoharibika. Alipendekeza milio ije kwa mafungu yenye nafasi katikati, ili watu waliomo waweze kusemezana.

Sisi hatuna ndege, tuna salamu. Mteja wetu haandiki swali lake mara moja. Anaandika “Dada”. Anatuma. “Habari”. Anatuma. “Za kazi”. Anatuma. “Samahani”. Ndipo linakuja swali la kitenge. Kwa Mzungu aliyeitengeneza tovuti huo ni ujumbe mmoja, kwetu ni tano, na mlio ukifuata kila mmoja unampigia mtu kelele kwa kosa la mwenzake kuwa na adabu. Kwa hiyo skripti inalia kwa “Dada”, halafu inamezea mengine yote ya mtu huyohuyo kwa nusu dakika. Akiwa tayari ameketi mbele ya kompyuta, dirisha la soga likiwa wazi na anaandika, isilie kabisa. Anayaona maneno yakiingia, hana haja ya kuambiwa. Nilipendekeza pia mlio wa kukumbusha, dakika mbili zikipita bila jibu. Dada aliukataa palepale. “Hapana, huo utakuwa mama mkwe.” Nikaufuta, na nadhani alikuwa sahihi.

Vivinjari navyo vina sheria zao. Tangu mwaka 2018 Chrome kwa kawaida hairuhusu ukurasa kutoa sauti kabla mtumiaji hajaubonyeza mahali. Kwa sauti za kuzalishwa kwa hesabu, walipoiweka sheria hiyo mara ya kwanza, michezo mingi ya kwenye mtandao ikawa bubu, wakalazimika kuiondoa na kuiahirisha mpaka Desemba. Waandishi wa skripti tunailalamikia sana. Mimi naiunga mkono: anayekumbuka kurasa zilizokuwa zikianza kupiga kelele zenyewe, nawe unahaha kutafuta ni ipi, hawezi kuipinga kwa moyo wote. Sheria ya pili ilikuja na Chrome 88, Januari 2021. Ukurasa uliofichwa nyuma ya kingine kwa dakika tano, saa zake za ndani zinaweza kupunguzwa hadi kugonga mara moja kwa dakika. Ile skripti ya kuuliza kila sekunde ikawa inauliza kila dakika, na wateja wakawa wanaondoka. MutationObserver, yule mlinzi anayengoja kitu kiongezwe, haendeshwi na saa, hivyo yeye hakuguswa.

Lipo jambo ambalo hakuna namna ya kulikwepa. Wenye mfumo wa soga hubadilisha ukurasa wao wanapotaka. Kisanduku kilichokuwa na jina hili kinaamka na jina lile, na skripti haipigi ukelele kwamba imeharibika, inanyamaza tu. Kunyamaza kwake kunafanana kabisa na siku isiyo na wateja. Ndiyo maana nimeweka kitufe kidogo juu ya kisanduku, kimeandikwa “Fungua duka”. Dada akikibonyeza asubuhi, mbonyezo huo unatimiza sheria ya Chrome, skripti inakagua kama kisanduku bado kipo mahali pake, na kama kipo inaliza milio yote mitatu, wa mgeni, wa mnunuzi wa zamani na wa Lubumbashi. Asiposikia kitu ananipigia simu. Nikiona namba yake kabla ya saa tatu asubuhi, najua wale jamaa wamebadilisha majina tena, na nafungua kompyuta huku bado ananisalimia.